Bosi wangu wa Kichina anataka leseni ya duka iwe kwa jina langu, naombeni ushauri

Nyegezi_Kwetu (mleta mada):
Habari za jioni wakuu. Nilikuwa mkalimani kwenye ujenzi wa daraja la Kigongo–Busisi, Kichina nilikiokota palepale kwa mafundi. Daraja lilipofunguliwa Juni 2025 kazi ikaisha, nikachukuliwa na mama mmoja wa Kichina mwenye duka la jumla la vyombo, maeneo ya Makoroboi hapa Mwanza. Mshahara haujawahi kuchelewa. Sasa anataka leseni isomeke jina langu, mtaji na mzigo vibaki vyake. Nikubali? Wiki ya pili hii silali.

Mzee_wa_Meli:
Kijana, Mchina si mgeni kwetu. Reli ya TAZARA ilijengwa 1970 hadi 1975, kilomita 1,860, kwa mkopo usio na riba, wakati wakubwa wa Magharibi walishamkatalia Nyerere. Hata hilo daraja lililokupa ugali wamejenga wao. Heshimu urafiki.

Kitangiri_Juu:
Mzee shikamoo, lakini daraja ni fedha zetu wenyewe. Wao walikuwa wakandarasi, wakalipwa. Tusichanganye.

Bondo_la_Igombe:
Mimi nakusanya mabondo ya sangara, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki. Bondo la ziwa letu linaishia Hong Kong na China, wanalila kwenye supu. Mnunuzi akikaa kimya siku mbili, mwalo mzima unakosa raha. Corona ilipoanza 2020 wangu aliacha kupokea simu nikiwa na magunia ndani, na mke wangu ana mimba ya miezi minane. Hela ya Mchina ni nzuri ila usiitegemee peke yake.

Binti_Nansio:
Pole kaka Bondo. Mleta mada, kwa nini anataka jina lako sasa hivi? Amri ya Julai 2025 imewakataza wasio raia biashara 15, na kuuza bidhaa jumla na rejareja imo. Raia anayemsaidia mgeni kukwepa, faini ni shilingi milioni 5 au miezi 3 jela. Umeshasaini?

Nyegezi_Kwetu:
Dada, nilichouliza ni kama kuna faida huko mbele. Yule mama ananichukulia kama mwanawe.

Binti_Nansio:
Umesaini, hujasaini?

Nyegezi_Kwetu:
Nimesaini. Leseni imetoka wiki tatu sasa, namba ya mlipakodi (TIN) ni yangu. Alinipa milioni 2, nimemwezekea mama nyumba kule Magu, ilikuwa inavuja tangu baba afariki. Msinihukumu. Mngefanyaje nyie?

Kitangiri_Juu:
Kumbe ushauri unaomba ukiwa umeshavuka mto!

Mwanza_Mawe:
Hii ni chai. Januari huyuhuyu alifungua uzi anauza bodaboda, akasema ni dereva Ilemela. Leo mkalimani? Kichina cha kuokota hakisainishi mtu mikataba.

Mzee_wa_Meli:
Nilihisi. Vijana wa siku hizi wanatunga ili kuwachafua wageni.

Nyegezi_Kwetu:
Bodaboda ilikuwa ya kaka yangu, niliitangaza mimi kwa sababu yeye hana simu ya intaneti. Naapa kwa kaburi la baba.

Nondo_16:
Nilikuwa nafunga nondo pale darajani. Wapo vijana wetu waliokuwa wanatafsiri bila kukaa darasa hata moja, bila wao tungegombana na mafundi kila siku. Mwacheni.

Mwanza_Mawe:
Atuwekee picha ya leseni basi.

Binti_Nansio:
Usiweke chochote humu! Nijibu hili: mashine ya risiti inatoa jina la nani?

Nyegezi_Kwetu:
Langu.

Binti_Nansio:
Basi kila sahani inayouzwa pale, kwa TRA umeuza wewe. Makadirio ya kodi yakija yatakuja kwako, na siku huyo mama akipanda ndege deni linabaki Makoroboi pamoja na wewe. Sisemi ni mtu mbaya. Nenda kwa mwanasheria asubuhi, kabla ya dukani.

Bondo_la_Igombe:
Sikiliza huyo dada, mdogo wangu. Bati la mama litalipwa polepole.

Nyegezi_Kwetu:
Nimekuelewa dada. Lakini kesho saa 2 asubuhi kontena linashushwa na funguo za stoo ninazo mimi. Namwambiaje?