Barafu za tikiti zinanishinda, naomba ushauri

Habari zenu wapendwa. Joto limezidi, nikaona niwatengenezee watoto barafu za matunda. Nasaga tikiti kwenye blenda, nachuja, namimina kwenye vikombe vidogo, nachomeka vijiti, naziacha kwenye friza usiku kucha. Zinatoka ngumu kama jiwe, na mtoto akifyonza mara mbili tatu utamu wote umekwisha, kabaki ameshika kipande cheupe cha barafu tupu. Nikaongeza sukari kikombe kizima kwa lita ya juisi: zikawa tepetepe, kijiti kinachomoka chenyewe. (Za embe afadhali, nadhani kwa kuwa rojo lake ni zito.)

Je, nikisaga tikiti pamoja na ndizi mbivu au mtindi zitalainika? Na sukari niweke kiasi gani kwa lita?