Mwalimu wa nyumbani, darasa la kwaya au masomo ya gita kwa simu? Nyumba moja, viwango vitatu (Tabora)

BabaSheila_Isevya
Wakuu, habari za humu. Nyumbani tuko watatu na gita kavu moja la nyuzi za chuma. Binti ana miaka 10, hajawahi kushika gita. Mimi najua kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) za G, C na D, nikifika F mkono unakufa. Shemeji anapiga rhythm kwayani na anataka kuhamia solo. Machaguo niliyonayo hapa Tabora:

1. Mwalimu aje nyumbani, saa moja kila Jumamosi
2. Darasa la pamoja la kwaya, watu kama kumi, bei ndogo
3. Mwalimu wa Dar kwa simu ya video
4. Video za bure mtandaoni

Hela inatosha chaguo moja la kulipia, si mawili. Nipeni tofauti zenyewe, msiniambie "inategemea".

NyuziSita
Mkuu, achana kwanza na bei ya saa. Uliza nani anauona mkono. Kwa anayeanza, makosa mengi yako kwenye mkono: gumba la kushoto linachungulia juu ya shingo, kiganja kinabana, vidole vinalala badala ya kusimama, uzi wa jirani unazibwa. Mwenyewe hajui kinachoendelea, anasema tu gita ni bovu. Video ya bure haiwezi kumwambia. Programu za simu zinazosikiliza na kutoa alama ndiyo kabisa, maikrofoni inasikia sauti, haioni gumba.

Kwa hiyo binti apewe namba 1, walau wiki 8 za mwanzo. Ila saa nzima kwa mtoto wa miaka 10 ni kumchosha. Dakika 20 za mwalimu, halafu dakika 10 asubuhi na 10 jioni kila siku. Aanze na kodi za kidole kimoja (kodi za gita, si za TRA). Uzi wa 1 ndio mwembamba kuliko wote, wa 6 ndio mnene; freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo, ya 1 iko upande wa kichwa:

C: uzi wa 2, freti ya 1, apige nyuzi tatu nyembamba tu.
G7: kidole kilekile kihamie uzi wa 1, freti ya 1, apige nyuzi nne nyembamba.

Akibadilisha hizo mbili mara 30 kwa dakika bila kutazama, mwongezee kidole cha pili. Mwalimu anayemwanzishia mtoto F wiki ya kwanza, mlipe kipindi kimoja muagane.

Tatizo lako kubwa naona ni gita lenyewe. Nyuzi za chuma kwa vidole vya miaka 10 ni adhabu. Mtafutie dogo, la 3/4, lenye nyuzi za nailoni, urefu wa uzi uwe kwenye sm 58 hivi badala ya 65. Na asitokee mtu akamfungia nyuzi za chuma humo "ili lilie zaidi". Chuma kinavuta karibu mara mbili ya nailoni, daraja (kile kipande cha mbao tumboni kinachoshika nyuzi) litabanduka kutoka kwenye ubao.

MpigaBesi_Mwanga
Salaam kutoka Kigoma. Msilidharau darasa la kwaya. Mwalimu wa peke yako ana ugonjwa mmoja: ukikwama, anakusubiri. Kwaya haikusubiri mtu. Baba Sheila kwa kiwango chake anahitaji mahali ambapo akikosa kodi, mkono wa kulia unaendelea kuchapa na wa kushoto unadakia kodi inayofuata. Mapigo kwanza, kodi baadaye. Hilo unalipata kwenye kundi kwa wiki chache, peke yako chumbani linaweza kukuchukua mwaka.

Ubaya wa kundi ni kwamba linakwenda na mtu wa katikati. F itafundishwa siku moja, Jumamosi inayofuata wako kwenye Bm, wewe bado unaugulia. Kabla hujalipa, kaa ukasikilize kipindi kimoja. Je, magita yote yanatyuniwa pamoja kabla ya kuanza, noti ya A kwenye 440 Hz, kipimo cha kawaida cha kutyuni? Magita kumi yaliyopishana kidogo yataharibu sikio la mwanafunzi, na kulirekebisha sikio si kazi ndogo.

FundiMagita_Ujiji
Hiyo F isipewe lawama mkono peke yake. Fanya vipimo viwili leo.

Cha kwanza: laza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita upige umbo lilelile la F, lakini kwenye freti ya 5 (hapo inakuwa A). Ikitoka safi na ya freti ya 1 inakataa, mkono wako hauna shida kubwa.

Cha pili: bonyeza uzi wa 6 kwenye freti ya 3, kisha tazama nafasi kati ya uzi na freti ya 1. Inatakiwa nyembamba kama karatasi. Ikipita kadi ya benki, kile kijipande cheupe kinachopokea nyuzi pale shingo inapokutana na kichwa kiko juu mno.

BabaSheila_Isevya
Fundi, nimepima. Freti ya 5 inalia karibu nyuzi zote. Kadi ya benki inapita bila kugusa.

FundiMagita_Ujiji
Basi ulikuwa unataka kumlipa mwalimu akufundishe kupambana na plastiki. Mpelekee fundi achonge mifereji ya kijipande hicho kidogokidogo, uzi mmoja baada ya mwingine, akipima kila mara. Usisugue mwenyewe. Mfereji ukizidi kina, uzi ukipigwa bila kubonyezwa utakwaruza freti, na dawa yake ni kubadilisha kijipande kizima. Wakati huohuo apime freti ya 12: uzi wa 6 uwe mm 2 hadi 2.5 juu ya freti. Ukizidi 3 utachoka bure. Fungia nyuzi nyembamba, seti ya 010, si 012.

Wakati unasubiri, weka kapo (kibanio cha kubana nyuzi zote) freti ya 1 na ufanyie mazoezi hapo. Kidole cha shahada usikilaze kibapa, kigeuze kidogo upande wa kichwa cha gita ili ule ukingo wenye mfupa ndio ubane, maana nyama ya katikati ina mikunjo na uzi unajificha humo. Kisha dondoa uzi mmoja mmoja, kuanzia wa 6 hadi wa 1. Usiochomoza ndio unaokuonyesha pa kusogeza.

DadaSolo
Wote mmemsahau shemeji. Huyo ndiye pekee ambaye namba 3 inamfaa, maana mkono wake umeshakaa na anachokosa ni maarifa ya shingo nzima ya gita. Mji uliotoa bendi za zamani kama Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz hauwezi kukosa wa kumwonyesha, ila si kila anayepiga vizuri anajua kueleza.

Mfano wa anachotakiwa kupewa kipindi cha kwanza, nyuzi tatu nyembamba tu, funguo ya C (nasoma namba za freti, kuanzia uzi wa 3 kwenda wa 1):

C: 9-8-8
F: 10-10-8
G: 7-8-7

Umeona? Kodi zote tatu kati ya freti ya 7 na ya 10, na kutoka C kwenda F uzi wa 1 haukuhama. Apige hivyo juu ya rhythm ya mwenzake anayepiga C, F na G za kawaida chini, atasikia gita la pili linavyoingia katikati bila kugombana na la kwanza. Akizoea, azidondoe noti moja moja badala ya kuzipiga kwa pamoja. Solo inaanzia hapo, mbio za vidole zitakuja zenyewe.

Kuhusu simu: msijaribu kupiga pamoja na mwalimu moja kwa moja. Sauti inachelewa njiani, kila mmoja atamwona mwenzake anakwenda nje ya mapigo. Na programu za simu za video hudhani mlio mrefu wa gita ni kelele, zinaukata. Kwenye Zoom kuna sehemu ya kuruhusu sauti halisi kwa wanamuziki, iwashe. Utaratibu unaofaa ni kurekodi video mbili za dakika moja, moja ya mkono wa kushoto, nyingine ya kulia, simu ikiwa usawa wa kifua na mwanga wa dirisha ukitoka mbele. Mwalimu ajibu kwa video. Mtu akikuuzia "saa nne za video kwa mwezi" bila kusahihisha rekodi zako, hela hiyo bora ukanunue nyuzi.

NyuziSita
Nakubali. Basi kwa hela ya chaguo moja, mimi ningechukua namba 1 na kuigawa saa: binti 20, baba 20, shemeji 20. Baba aende na darasa la kwaya akipata nafasi ya kusikiliza tu. Video za bure ziwe za kurudia, si za kuanzia. Tovuti ya JustinGuitar imepangwa kwa madaraja na ni bure, ila ni Kiingereza. YouTube punguzeni kasi hadi 0.75.

DadaSolo
Dakika 20 kwa mtu wa solo ni kutyuni na kuagana. Wapishane: Jumamosi moja binti 20 na shemeji 40, inayofuata binti 20 na baba 40. Na mlipe kwa kipindi, si kwa mwezi. Mwezi wenye Jumamosi tano ndio unaozua maneno.

BabaSheila_Isevya
Hiyo ya kupishana nimeipenda. Gita naliweka kwa fundi wiki hii. Nikilirudisha nilitundike ukutani sebuleni, au?

FundiMagita_Ujiji
Ukutani chini ya bati, Tabora, kiangazi hiki? Hapana. Kuanzia Juni hadi Oktoba mbao zinakauka na kusinyaa, ncha za freti zinatokeza pembeni mwa shingo na kuchana vidole. Liweke kwenye begi lake, mbali na dirisha. Chukua sponji ya vyombo, ilowanishe, ikamue mpaka isidondoshe tone, itie kwenye mfuko wa plastiki uliotobolewa matundu kama kumi, uiweke ndani ya begi pale karibu na kichwa. Ilowanishe upya kila baada ya siku tatu nne. Mvua zikianza, itoe.