Bahati nasibu ya taifa: mdhibiti anachunga mipira, mfumo wa tiketi kamwachia mwendeshaji

Wakuu, kila droo tunaonyeshwa mkaguzi wa mdhibiti (mamlaka inayosimamia michezo hii) kasimama kando ya mashine ya mipira yenye namba, basi tunaambiwa usimamizi upo. Usimamizi gani? Mipira ndiyo rahisi kuliko vyote kuichunga: unaipima uzito na kipenyo, unaifungia kwenye sanduku lenye lakiri, unachagua seti kwa kura, unafanya droo za majaribio kabla ya ile halisi. Umuhimu wa hilo ulijulikana tangu Aprili 1980 kule Pennsylvania, Marekani, wala njama walipodunga rangi kwenye mipira yote isipokuwa ya 4 na 6 ili iwe mizito isipande, namba ya ushindi ikatoka 666.

Kazi yenyewe iko kwenye mfumo wa tiketi, ulio mikononi mwa mwendeshaji, yaani kampuni yenye leseni ya kuchezesha. Mauzo yakifungwa, na kabla mpira wa kwanza haujatoka, orodha ya tiketi zote zilizouzwa iwe imeshafika kwenye kompyuta ya mdhibiti mwenyewe, pamoja na namba ya uhakiki inayobadilika ukigusa hata tiketi moja. Washindi wahesabiwe pande zote mbili. Hesabu zisipolingana, halipwi mtu. Bila nakala hiyo, mwenye ufunguo wa mfumo anaweza kupenyeza tiketi baada ya namba kujulikana, na mkaguzi wa mipira asione kitu. Mdhibiti anayesubiri aletewe ripoti ya mauzo wiki nzima baadaye, iliyoandaliwa na mwendeshaji huyohuyo, anakagua nini?

Droo ya kompyuta, ambapo programu ndiyo inachagua namba badala ya mipira, ndiyo mbaya zaidi. Eddie Tipton alikuwa mtu wa usalama wa mifumo kwenye chama cha bahati nasibu za majimbo ya Marekani, akapachika msimbo uliomwezesha kujua namba katika tarehe 3 za mwaka. Jakpoti aliyoilenga Desemba 2010 ilikuwa dola milioni 16.5. Kilichomuumbua ni kamera ya duka aliponunua tiketi, wala si cheti cha maabara inayopima mifumo hiyo! Kwa hiyo mashine isiunganishwe na mtandao wowote, programu yake ilinganishwe na nakala iliyoidhinishwa kabla ya kila droo, na aliyeiandika asikanyage chumba cha droo.

Pesa sasa. Tuseme tangazo linasema "Asilimia 25 kwa miradi ya jamii", asilimia 25 ya nini? Katika kila 100 ya mauzo, tuseme zawadi zinachukua 55. Ikikatwa kwenye mauzo ghafi, jamii inapata 25. Ikikatwa baada ya zawadi, inapata 11.25. Mwendeshaji akiruhusiwa kutoa kwanza 10 ya matangazo, inabaki 8.75. Tangazo ni lilelile, asilimia ni ileile, na karibu theluthi mbili ya pesa imeyeyuka kwa maneno mawili ya leseni. Huu ni wizi wa kalamu.

Zawadi zisizodaiwa nazo: Uingereza zikipita siku 180 zinakwenda kwenye miradi ya jamii. Leseni ikinyamaza, zinabaki kwa mwendeshaji, ambaye sasa ananufaika kila mshindi anapozungushwa hadi muda uishe. Pesa za zawadi zikae akaunti ya amana asiyoweza kuigusa peke yake, maana akifilisika leo mshindi anapanga foleni na wadai wengine.

Tunataka leseni hadharani, tena na viambatisho vyote. Fomula ya makato hufichwa humo.