Mashine ya gemu yenye nguvu lakini tulivu: nibaki AM4, nihamie AM5, au nifunge kipoza cha maji?

BabaWawili_Sinza
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Nacheza gemu kuanzia saa nne usiku, watoto wakishalala. Chumba ni hicho hicho kimoja: mdogo ana miezi saba na kitanda chake kiko mita mbili kutoka mezani kwangu. Mimi navaa hedifoni, yeye anabaki na ngurumo ya feni. Wiki hii ameamka mara tatu, na kila mara ni pale gemu inapopamba moto.

Mashine yenyewe: Ryzen 5 3600 na kipoza chake cha boksini, madabodi ya B450, ramu ya GB 16, kadi ya picha RX 580 ya GB 8, pawa saplai ya wati 550, keisi yenye kioo mbele. Monita ya 1440p (picha yenye mistari 1440) na herzi 144 nimeshanunua. Bajeti ni milioni tatu.

Naona njia tatu. Kwanza, kubaki AM4 (soketi ya prosesa za AMD niliyo nayo sasa) na kuweka prosesa ya Ryzen 7 5700X3D pamoja na kadi mpya. Pili, kuhamia AM5 (soketi iliyoifuata) na prosesa ya Ryzen 7 7800X3D, yaani madabodi na ramu vyote vipya, halafu kadi itabidi iwe ya chini. Tatu, muuzaji mmoja ameniambia nifunge kipoza cha maji tu na kelele zitaisha. Nyie mngefanya lipi?

FunguaKeisi
Mkuu, mimi ni fundi, nafungua mashine kila siku. Kabla ya kununua chochote, mtafute mpiga kelele. Usiku mmoja, ingia BIOS (mipangilio ya ndani ya madabodi), shusha feni za keisi hadi kasi ya chini kabisa, cheza dakika ishirini, kisha nenda ukasikilize *ukiwa kitandani kwa mtoto*, siyo kwenye kiti chako. Kesho yake zirudishe, ushushe ya prosesa. Keshokutwa ya kadi, kwa muda mfupi, huku ukiangalia joto. Wateja wengi wanakuja wakilaumu feni za keisi, kumbe ni kadi ya picha. RX 580 inakula wati 185 na ilitoka 2017, kwa hiyo kama haijawahi kufunguliwa, grisi yake ya kupitisha joto imeshakauka na feni zinakimbizwa bila faida.

Kuhusu maji: joto halipotei kwa sababu limepita kwenye bomba. Lazima feni zilitoe kwenye rejeta, na juu yake unaongeza pampu isiyopumzika. 5700X3D ikiwa kwenye gemu inakula kama wati 60 hivi. Kipoza kikubwa cha hewa chenye feni ya sentimita 12 kinazibeba bila kutoa jasho. Halafu kadi, ambayo ndiyo inayotoa joto jingi, maji hayo hayaigusi.

MajiYaShingo
Fundi, hapo kwenye maji sikubaliani nawe moja kwa moja. Nimetumia kipoza cha maji miaka mitatu. Faida yake siyo nyuzi joto tu. Maji yanachelewa kupata moto, kwa hiyo feni haishtuki. Ryzen ni kipande kidogo sana cha silikoni, ukifungua programu tu joto linaruka nyuzi kumi kwa sekunde moja na feni inapiga yowe kisha inanyamaza. Mtoto haamshwi na sauti, anaamshwa na sauti *kubadilika*.

FunguaKeisi
Hilo la kubadilika umesema kweli tupu, na ndilo la kushughulikia kwanza. Ila halihitaji maji. Kwenye BIOS za B450 nyingi kuna sehemu ya kuchelewesha feni: unaiambia isubiri sekunde kadhaa kabla ya kupanda na kushuka. Mruko wa sekunde moja unapita bila feni kujua. Hiyo ni bure, aifanye leo leo.

Ngara254
Salamu kutoka Nairobi. Mimi nimepita njia zote mbili, ya AM4 na ya AM5, kwa hiyo nitasema nilichokiona.

Hizo prosesa mbili, 5700X3D na 7800X3D, zina kitu kimoja cha maana sana: kashe (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 96, wakati 3600 yako ina MB 32. Ndiyo maana zinabeba gemu bila kula umeme mwingi. 7800X3D ina kasi zaidi, hilo sitalificha. Lakini kwenye 1440p kadi ndiyo inayokubana, si prosesa. Na ramu ya DDR5, ambayo AM5 inailazimu, ilipanda bei vibaya tangu mwishoni mwa 2025. Ukihamia AM5 kwa milioni tatu, utafika kwenye kadi huna kitu. Baki AM4. Hakikisha tu umesasisha BIOS kabla ya kutoa 3600, la sivyo madabodi haitaitambua prosesa mpya na utakaa na skrini nyeusi.

Pesa yako weka kwenye kadi, na uichague kwa wati. RTX 4070 ni wati 200 na kumbukumbu ya GB 12. RX 9070 ni wati 220, GB 16. RX 7800 XT ni wati 263, GB 16. RX 9070 XT ni wati 304, GB 16 pia. Hiyo 9070 XT inakula umeme zaidi ya theluthi moja kuliko ndugu yake 9070, lakini fremu (picha kwa sekunde) inazoongeza hazifiki hata nusu ya kiasi hicho. Kila wati ni joto ambalo feni italazimika kulitoa chumbani kwa mtoto wako. Mimi ningechukua 9070. B450 ni PCIe (njia ya kuunganisha kadi na madabodi) ya kizazi cha tatu, usiogope, kadi hiyo inatumia njia zote kumi na sita kwa hiyo hupotezi kitu cha kuonekana.

Hesabu zangu za joto usizichukue kama zilivyo. Huku tuko mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, feni inasukuma hewa pungufu. Lakini usiku wa Julai chumba changu ni baridi kweli.

Bintimvita
Kakangu, Ngara kasema, lakini sisi wa pwani hesabu yetu ni nyingine. Mimi niko Mombasa. Tuseme kadi inapanda nyuzi 45 juu ya joto la chumba kwa kasi fulani ya feni. Chumba kikiwa nyuzi 20, kadi iko 65, raha mustarehe. Chumba kikiwa 31, kama kwangu Februari, kadi iko 76 na feni inaanza kukimbia. Ndiyo maana vipimo vya Wazungu vya "kimya kabisa" havitufikii huku.

Na hapa nataka kukuonya juu ya keisi. Nilinunua keisi iliyovikwa sponji ndani, mlango mzito mbele, nikidhani nanunua ukimya. Wiki ya kwanza nilifurahi. Lakini hewa ilikuwa inaingia kwa kupenya ubavuni tu, joto likajaa ndani, feni zote zikapanda, na kelele niliyoikimbia ikarudi. Nikaiuza. Sasa nina keisi ya wavu mbele, feni tatu kubwa zinazunguka polepole, na ni tulivu kuliko ile. Kioo chako cha mbele ni ugonjwa ule ule. Kitoe.

Feni nyingi za polepole ni bora kuliko moja ya haraka. Ukipunguza kasi ya feni kwa nusu, kelele hushuka karibu desibeli 15. Ukiongeza feni ya pili inayofanana na ya kwanza, kelele hupanda desibeli 3 tu. Na wavu wa vumbi uoshe kila wiki mbili, ukauke vizuri kabla ya kurudisha. Hewa ya bahari ina chumvi, vumbi likishikana nayo linakuwa kama udongo.

MajiYaShingo
Keisi ya sponji nitaitetea kwa jambo moja: mlio mwembamba wa koili (nyaya zilizosokotwa) za kadi. Mlio huo, keisi ya wavu haiuzuii.

Bintimvita
Kweli, huo mlio unakera kuliko feni. Lakini dawa yake ya kwanza ni kuweka kikomo cha fremu. Koili hulia zaidi kadi inapotoa fremu mamia, hasa kwenye menyu ambako hakuna kazi. Baba, gemu zako ziwekee kikomo cha fremu 100 kwa sekunde. Mlio unapungua, wati zinapungua, na macho hayataona tofauti kubwa.

FunguaKeisi
Naunga mkono. Ongeza na hili: kadi ikishafungwa, shusha kikomo chake cha umeme kwa asilimia kumi kwenye programu ya AMD. Fremu utakazopoteza ni chache mno. Na swali la kifundi: pangaboi linawaka usiku?

BabaWawili_Sinza
Linawaka usiku kucha, Sinza bila pangaboi hakulaliki.

FunguaKeisi
Basi kazi imekuwa rahisi. Pangaboi linafunika sauti yoyote ya feni iliyotulia. Huhitaji mashine isiyosikika kabisa, unahitaji isiyobadilika sauti. Feni za keisi ziweke kasi moja isiyopanda wala kushuka, mizunguko 700 hivi kwa dakika. Usinunue feni za bei ghali kwa ajili ya desibeli mbili ambazo pangaboi litazimeza. Hiyo hela weka kwenye pawa saplai ya wati 750 ambayo feni yake inasimama mzigo ukiwa mdogo. Na pima keisi kabla ya kununua kipoza: vingi vizuri vina urefu wa milimita 155 hadi 165, na keisi nyingi za bei nafuu zinaishia 160.

BabaWawili_Sinza
Wakuu, nimerudi baada ya wiki tano. Nilifanya jaribio la fundi siku tatu. Mpiga kelele alikuwa kadi, na wa pili ni kile kipoza cha boksini, kilikuwa kinaruka kama mlivyosema. Kuchelewesha feni peke yake kulimpa mtoto usiku wa kwanza bila kushtuka.

Nimebaki AM4. 5700X3D nimeipata mtumba, BIOS nilisasisha kwanza. Kipoza cha hewa cha milimita 155, keisi ya wavu, RX 9070, pawa saplai ya wati 750. Bajeti imepita kidogo, nimeuza RX 580, imeziba pengo. Kikomo ni fremu 100, umeme wa kadi nimeshusha asilimia kumi, na kadi haijavuka nyuzi 68 hata siku zile za joto kali. Dada Mombasa, ahsante sana kwa habari ya kioo. Nilipokitoa tu, kabla ya kununua keisi mpya, joto la ndani lilishuka nikaliona mwenyewe.

Kimebaki kitu kimoja. Sasa nasikia UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ikivuma chini ya meza, sauti nzito isiyokatika. Zamani sikuwahi kuisikia.

FunguaKeisi
Hiyo ni transfoma, inatetemeka na meza inaikuza. Kata soli ya ndala kuukuu vipande vinne, weka chini ya UPS, na uisogeze isiguse mguu wa meza wala ukuta. Usiifunike kwa kitambaa, inahitaji hewa.