Jasho la usiku na siku zinazorukaruka: nina miaka 46, hedhi ndiyo inakoma?

MamaDagaa, Busia
Wakubwa shikamooni, dada zangu habari. Nauza dagaa sokoni hapa Busia, mzigo natoa Majanji. Siku zangu zilikuwa haziniangushi, kila mwezi zimefika. Sasa zinaweza kuja mara mbili ndani ya wiki tatu, halafu kimya miezi miwili. Usiku naamka shuka imelowa, shingo na kifua vinawaka, mara baridi inanishika. Kliniki moja ilinipima malaria, hawakuona kitu, nikapewa dawa za malaria hivyo hivyo. Jasho halikukoma, wakasema taifodi. Nimemeza zote.

Kinachoniumiza zaidi ni hasira. Mtoto akiangusha kikombe nafoka mpaka majirani wanachungulia, kisha nalia peke yangu. Mzee wangu siku hizi analala sebuleni na hasemi neno. Senga, yaani shangazi, ambaye ningemuuliza alishafariki, na mama hataki kabisa mazungumzo haya. Naomba mnisaidie, huu ni ugonjwa au ndiyo hedhi inakoma?

MkungaMstaafu, Arua
Marahaba mwanangu, na pole sana. Wengi niliowazalisha huku West Nile ndio walionirudia baadaye na maneno haya haya yako.

Umri wako ni wenyewe. Wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55, ila mwili huanza kubadilika miaka kadhaa kabla. Mayai yanapungua, homoni ya estrojeni inapanda na kushuka bila mpango, ndiyo maana dalili ya kwanza kwa wengi ni siku kuvurugika. Joto, kukosa usingizi, hasira, kusahausahau, viungo kuuma na ukavu ukeni vinaweza kufuata. Wengine hawapati hata kimoja. Hasira hiyo si tabia mbaya, mwanangu. Mtu asiyelala wiki nzima atakuwaje mpole? Mwambie mzee wako, huenda anadhani umemchoka.

Joto la namna hii hupanda ghafla, likapita kwa dakika chache, na ukiweka kipimajoto hukuti homa. Malaria haikuachii upesi hivyo: homa inaonekana kwenye kipimajoto, kichwa kinauma, mwili unavunjika. Kipimo kikisema hakuna malaria, usikubali kumeza dawa yake kila jasho linapotoka.

Lakini usikae nyumbani ukasema ni umri tu. Jasho la usiku huja pia na kifua kikuu na VVU, hasa ukikonda au ukikohoa zaidi ya wiki mbili. Tezi ya shingo nayo huleta joto na moyo kwenda mbio. Na hiyo damu ya mara mbili ndani ya wiki tatu ichunguzwe. Nenda kituo cha afya cha serikali, waombe pia wakuangalie shingo ya kizazi na wapime wingi wa damu. Kwa umri wako, kipimo cha homoni mara nyingi hakihitajiki, kwa hiyo usikubali kuuziwa.

Biira, Kasese
Dada, pima na mimba! Jirani yangu hapa alikaa akijua amekoma, kumbe alikuwa na mimba ya miezi minne, na miaka yake ni 44. Mkunga atanisahihisha, lakini siku kurukaruka si kinga.

Mimi nina 51. Kilichonisaidia ni shuka nyepesi ya pamba, dirisha lenye wavu, na kuacha chai kali jioni. Pilipili nimepunguza pia, ingawa kwa uchungu.

MamaDagaa, Busia
Asanteni, nimesoma huku machozi yananitoka. Mimba sikuwa nimeifikiria kabisa. Mkunga, wifi yangu anachoma sindano ya miezi mitatu ya kuzuia mimba na haoni siku zake kabisa. Yeye atajuaje?

MkungaMstaafu, Arua
Biira amesema kweli. Hedhi huhesabiwa imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila damu. Aliyeona damu ya mwisho kabla ya miaka 50 aendelee kujikinga miaka miwili, aliyefika 50 mwaka mmoja. Wifi yako hawezi kutegemea siku, maana sindano yenyewe huzizuia. Azungumze na mhudumu wake ni lini aache au abadilishe njia.

Na hili mlishike wote: damu ikirudi baada ya mwaka mzima wa kukauka, hata tone, huo si ujana. Nenda upimwe wiki hiyo hiyo, kwa sababu saratani ya kizazi inaweza kuanza hivyo.

Wewe MamaDagaa, estrojeni ikipungua mifupa nayo hudhoofika. Usiuze dagaa wote. Wengine uwale na mifupa yao, ina kalisi. Joto likizidi kukunyima usingizi mwambie daktari, dawa zipo, ila kwanza atakuuliza kuhusu presha, kuganda kwa damu na saratani ya matiti. Ukitoka kituoni tuandikie walichosema kuhusu hiyo damu.