Tumechoka na kadi za "huyu ndiye aliyevumbua": kwa nini mnatulisha uongo kila siku?

KichwaNgumu (mleta uzi)

Wakuu, uzi huu ni wa hasira. Mwenye presha apite kimya kimya.

Kuna hizi kadi zinazozunguka kila kona: picha ya mtu wa kale, jina kwa herufi kubwa, na chini sentensi moja. "Huyu ndiye aliyevumbua Wi-Fi." "Huyu ndiye aliyevumbua taa za barabarani." Kurasa kubwa zinazisambaza, walimu wanazibeba hadi darasani, na ukisahihisha unaambiwa una roho ya kwa nini. Watu hao walifanya kazi ya maana sana, halafu kadi inaifuta kazi yao yote ili iwavishe nyingine ambayo hawakuigusa. Huko ni kuwaheshimu kweli?

Naanza na Hedy Lamarr, mwigizaji aliyezaliwa Vienna mwaka 1914, maana yeye ndiye anayeonewa zaidi. Hataza yake (hati ya serikali ya kumiliki uvumbuzi) ipo, ni ya Marekani, namba 2,292,387. Maombi yaliingia Juni 1941 na ikatolewa tarehe 11 Agosti 1942. Jina lililoandikwa humo ni Hedy Kiesler Markey, ndiyo maana wanaotafuta "Lamarr" wanatoka mikono mitupu kisha wanabuni. Pembeni yake kuna jina la pili, George Antheil, mtunzi wa muziki. Kadi zote zinamfuta huyo, wakati bila yeye huwezi hata kuelewa mtambo wenyewe.

Shida waliyoishughulikia ilikuwa topido (bomu linalokwenda lenyewe majini) inayoongozwa kwa redio. Ukiiongoza kwa masafa mamoja, adui akiyapata anayavuruga na topido inapotea. Wao wakapendekeza mikanda miwili ya karatasi yenye matundu yanayofanana, kama ile ya piano inayojipiga yenyewe: mmoja kwenye meli, mwingine ndani ya topido. Tundu likipita linachagua masafa, kwa hiyo mtumaji na mpokeaji wanahama pamoja. Mikanda hiyo ingeweza kubeba safu 88, idadi ya vibonye vya piano, na hapo ndipo Antheil anapoonekana, kwa sababu alishatunga muziki wa piano za aina hiyo. Mfano uliochorwa kwenye hataza una njia saba upande wa mtumaji na nne tu upande wa mpokeaji. Tatu zilizobaki ni za kumhadaa adui: zinatuma ishara ambazo topido haizisikii kabisa. Nionyesheni kadi moja iliyosema hilo.

Ugumu wake? Mikanda miwili lazima ianze pamoja na iende mwendo mmoja. Mmoja ukichelewa kidogo, mpokeaji anasikiliza masafa ambayo mtumaji ameshayaacha. Jeshi la majini la Marekani halikuutumia mtambo huo vitani, na hataza ikaisha muda wake mwaka 1959.

Sasa Wi-Fi. Kanuni zake za kwanza za mwaka 1997 ziliruhusu kurukaruka masafa kama njia mojawapo kati ya kadhaa. Toleo la 1999 lililoieneza duniani lilitumia njia nyingine ya kutawanya ishara, na yaliyofuata yakahamia mbinu nyingine tena. Anayeruka masafa hadi leo ni Bluetooth: ile ya kawaida inahama mara 1,600 kwa sekunde katika njia 79. Na wazo la kuhama masafa lenyewe lilikuwepo kabla ya 1941. Willem Broertjes, Mholanzi, alipata hataza yake Marekani mwaka 1932. Lamarr na Antheil walileta njia yao ya kuwafanya mtumaji na mpokeaji waende sawa. Andikeni hivyo basi!

Wa pili ni Garrett Morgan. Hataza namba 1,475,024, tarehe 20 Novemba 1923. Fungueni mchoro muone: ni nguzo yenye mikono iliyoandikwa amri za kusimama na kwenda, inazungushwa kwa mpini. Ubora wake ni hali ya tatu, ambapo pande zote zinasimamishwa kwanza ili njia panda iwe tupu kabla ya upande mwingine kuruhusiwa. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu ajali nyingi za njia panda hutokea sekunde zile za kubadilishana. Lakini London walisimika ishara ya gesi karibu na Bunge Desemba 1868, ikalipuka mwezi uliofuata na kumjeruhi askari aliyekuwa akiiendesha. Cleveland waliwasha taa za umeme nyekundu na kijani tarehe 5 Agosti 1914, na Morgan mwenyewe aliishi Cleveland! Taa ya rangi tatu kwa pande nne ni ya William Potts, polisi wa Detroit, mwaka 1920.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Morgan ana kofia yake ya kujikinga na moshi, ambayo kadi hazina habari nayo. Mirija mirefu inashuka hadi karibu na sakafu, kwa kuwa moshi wa moto hupanda na hewa iliyo nafuu hubaki chini, na mwishoni kuna sponji yenye maji ya kupoza na kuchuja. Hataza ni ya 1914. Julai 1916 mlipuko ulipotokea kwenye handaki chini ya Ziwa Erie, Morgan na kaka yake walivaa kofia hizo wakaingia kuwatoa watu.

Fremu16

Nakazia, mleta mada. Umewaacha Lumière, wale ndugu wawili wa Ufaransa wa sinema, hao niachie mimi.

Kila Desemba lazima mtu apandishe ile filamu ya treni na kuandika kwamba ndiyo ya kwanza duniani, ilionyeshwa Paris tarehe 28 Desemba 1895 na watu wakakimbia. Tarehe hiyo kwenye Grand Café zilionyeshwa filamu kumi, kiingilio faranga 1, na treni haikuwemo. Ya kwanza kwenye orodha ilikuwa wafanyakazi wakitoka kiwandani. Treni ilianza kuonekana kwa umma Januari 1896. Habari ya watu kukanyagana haina ushahidi kwenye magazeti ya siku zile. Ni ya kuambiana baadaye.

Halafu wanavyoiharibu filamu yenyewe! Kamera ya Lumière ilizungushwa kwa mkono, takriban fremu (picha mojamoja za mkanda) 16 kwa sekunde, na mkanda wa mita 17 hivi ulitoa kama sekunde 50. Mtu anaichukua, anaicheza kwa fremu 24 au 25, inaisha kwa sekunde 33, watu wanatembea kama wamechomwa na siafu, kisha anaandika "ndivyo walivyotembea zamani". Mkikutana na nakala ya hivyo, shusheni kasi hadi asilimia 67 kama ni ya fremu 24, au 64 kama ni ya 25. Kwenye vichezeshi vyenye hatua za kudumu, 0.75 inakaribia, maana inawapa fremu 18.

Angalizo: dawa hiyo msiipake kila filamu ya kimya. Za mashine ya Edison ya kuchungulia zilipigwa kwa injini ya umeme, karibu fremu 40 kwa sekunde au zaidi. Futi 50 za mkanda zina fremu 800, zinaisha kwa sekunde 20. Ukizishusha hadi 16 watu wanaelea kama wako chini ya maji. Za miaka ya 1920 nyingi ziko kati ya 18 na 24. Tazameni vitu vinavyoanguka: maji, vumbi, kofia. Mtu anaweza kutembea haraka apendavyo, kofia haianguki haraka kuliko inavyoanguka.

Kosa jingine ni kukata picha ijae skrini pana ya 16:9. Picha ya asili ni 4:3, ukiipanua unapoteza robo ya kimo chake. Vichwa juu vinaondoka, reli chini zinaondoka. Sitaki hata kugusa wanaozipaka rangi kwa programu na kuzibandikia mlio wa treni bila kusema.

Nyota_ya_Skrini

Sasa mkuu, kama si Lumière ni nani? Si Le Prince? Wanasema Edison alimuua.

Fremu16

Hayo ndiyo tunayolalamikia, ndugu yangu! Unatoa kadi moja unaleta nyingine.

Louis Le Prince alipiga picha za bustani ya Roundhay, Leeds, Oktoba 1888, kwa kamera ya lenzi moja na mkanda wa karatasi. Zilizobaki ni kama fremu 20. Picha alizipata vizuri, shida ilikuwa kuzionyesha ukutani. Karatasi haipitishi mwanga wa kutosha na inachanika inapovutwa kwa mishtuko. Alipanda treni Dijon tarehe 16 Septemba 1890 na hakuonekana tena. Ushahidi wa Edison kuhusika haupo.

Edison na msaidizi wake W.K.L. Dickson walikuwa na mkanda wa milimita 35 wenye matundu manne kila upande kwa fremu, wakafungua ukumbi New York tarehe 14 Aprili 1894. Ila mtazamaji alikuwa mmoja kwa kila mashine, anainama kuchungulia. Ndugu wa Skladanowsky walionyesha ukutani, Berlin, tarehe 1 Novemba 1895, kwa kiingilio, kabla ya Grand Café. Mashine yao ilitumia mikanda miwili inayopokezana, fremu nane kwa sekunde huku na nane kule, na kuiweka sawa ilikuwa kazi ya mateso. Haikufika mbali.

Lumière waliwapita wote kwenye ukucha. Louis Lumière alichukua mwendo wa cherehani inavyosukuma kitambaa: ukucha unaingia kwenye tundu, unavuta fremu moja, unatoka, mkanda unasimama tuli theluthi mbili za muda na kusogea theluthi moja. Mashine hiyo hiyo inapiga, inachapa nakala na kuonyesha, na ina uzito wa kilo tano hivi, unaibeba popote. Utaandikaje hayo kwa maneno matatu, "baba wa sinema"?

Kiwambo

Upande wa sauti ni aibu vilevile. "Edison alirekodi sauti ya kwanza 1877." Hapana. Édouard-Léon Scott de Martinville alipata hataza Ufaransa mwaka 1857 ya mashine inayochora sauti: pembe, kiwambo, unywele mgumu, na karatasi iliyopakwa masizi. Ilichora tu, kucheza haikuweza wala hakuikusudia hivyo. Edison aliweka mikunjo kwenye karatasi ya bati na akairudisha kuwa sauti. Hiyo ndiyo hataza 200,521 ya Februari 1878. Charles Cros alikuwa ameshaacha barua yenye wazo linalofanana katika chuo cha sayansi cha Paris Aprili 1877, bila mashine.

Mchoro wa Scott wa Aprili 1860 ulichezwa kwa kompyuta mwaka 2008, na hadi leo kuna kurasa zinasema ni "sauti ya binti". Scott alichora pembeni mstari wa uma wa sauti (chuma chenye ncha mbili kinachotikisika kwa kasi isiyobadilika) ili kupima mwendo. Uma ule ulihesabiwa kwa desturi ya Wafaransa ya wakati ule, kila nusu mtikisiko ni mmoja, hivyo 500 yake ni 250 yetu. Waliosoma 500 walicheza kwa kasi maradufu. Ikarekebishwa mwaka 2009: ni mwanaume anayeimba polepole, yamkini Scott mwenyewe. Klipu ya binti bado inasambazwa kuliko iliyorekebishwa.

FundiTaa

Nakubaliana na wengi hapa, ila kuna upande wa pili mnaunyamazia: kadi za "Edison mwizi, balbu ni ya Swan". Huo nao ni uvivu.

Joseph Swan alionyesha taa ya kaboni Newcastle mapema 1879, kweli kabisa. Kijiti chake kilikuwa kinene, ukinzani wake (kuuzuia umeme) mdogo, na mabaki ya hewa yaliifanya chupa iwe nyeusi. Edison alitaka uzi mwembamba wenye ukinzani mkubwa, na sababu yake ni shaba. Chukua taa ya wati 100. Kwa volti 100 inahitaji ampea 1. Kwa volti 10 inahitaji ampea 10. Upotevu kwenye waya unakwenda kwa mraba wa mkondo, hivyo ili upotevu ubaki uleule waya wa pili lazima uwe na shaba mara 100. Mtaa mzima ungemeza shaba mpaka mradi ufe. Hataza 223,898 ya Januari 1880 inadai uzi wa kaboni wenye ukinzani mkubwa, ndani ya chupa ya glasi iliyoondolewa hewa, yenye waya za platinamu zilizopita kwenye glasi. Platinamu kwa sababu inatanuka karibu sawa na glasi. Ukiweka shaba, chupa inapasuka au inavuja ikipoa.

KichwaNgumu

FundiTaa umesema vizuri, na umenikumbusha Sawyer na Man, wavumbuzi wengine wa taa. Wao walidai kila aina ya nyuzi za mimea iliyogeuzwa kaboni. Mwaka 1895 Mahakama Kuu ya Marekani ikawakatalia: hamkuonyesha kwamba nyuzi zote zinafaa, wakati upande wa Edison ulikuwa umejaribu maelfu ya mimea mpaka mianzi michache ikafaa.

Kwa wanaouliza wahakiki vipi: tafuta kwa namba, siyo kwa jina. Angalia tarehe mbili, ya maombi na ya kutolewa, maana kadi huchanganya. Ruka kichwa cha hati, kichwa hakimaanishi chochote. Nenda mwisho kwenye madai yaliyopangwa kwa namba. Hayo tu ndiyo aliyopewa. Kisha tazama mchoro.

Nyota_ya_Skrini

Na Lewis Latimer? Naye kadi zinasema ndiye aliyevumbua balbu, Edison akaiba.

FundiTaa

Wakati wa hataza yake Latimer alikuwa kwenye kampuni ya Hiram Maxim, mpinzani wa Edison. Kwa Edison alikwenda 1884. Hataza ni 252,386, Januari 1882, na inahusu kuoka kaboni: uzi ukiokwa wazi hujikunja na kuvunjika, yeye akauweka ndani ya bahasha ya kadibodi inayosinyaa pamoja nao, ukatoka umenyooka. Anayetaka kadi ya Latimer aandike: "Alipata njia ya kuoka nyuzi za kaboni za balbu zisipinde, 1882." Hesabu maneno, yanaenea kwenye kadi na nafasi ya picha inabaki.