Mbio za ridhaa Kanda ya Ziwa: tubaki barabara kuu au tuhamie mzunguko mfupi?

Mratibu_Misungwi:
Wanajukwaa, habari za wakati huu. Ninashiriki kuandaa mbio za baiskeli za ridhaa katika klabu moja ndogo mkoani Mwanza, nami naomba mawazo yenu kabla kamati yetu haijakaa. Tangu zamani waendeshaji wetu huanzia mjini, wakapita Usagara na Misungwi kwa barabara kuu ya Shinyanga, kisha wakageuza na kurudi. Hapo awali magari ya Sengerema na Geita yalifika njia panda ya Usagara kwa mafungu, kila kivuko kilipotia nanga. Lakini tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, yanapita muda wote, na askari wawili wa pikipiki hawawezi kulinda kundi lililotawanyika kilomita nzima. Mdhamini naye ametuambia waziwazi kwamba anataka umati mbele ya bango lake, si mbio zinazotokomea porini kwa saa 4. Je, tuzihamishie kwenye mzunguko wa kilomita 5 au 6 ndani ya mji mdogo, au tutakuwa tumeua kilichozifanya zipendwe?

FundiSpoki:
Ndugu mratibu, fikirini kwanza ni nani anayeshiriki. Huku Shinyanga wengi ni vijana wa baiskeli nzito za Phoenix, wale wale wanaobeba mkaa na maziwa siku za kazi. Baiskeli hiyo ina breki za vyuma na haina gia. Kwenye barabara ndefu iliyonyooka, mwenye mapafu na miguu hushinda, ila kwenye mzunguko wa kona nyingi kila kona humlazimu kupunguza mwendo na kuanza upya, huku mwenye baiskeli ya gia akimwacha bila jasho. Tairi ya Phoenix inapatikana katika duka lolote la kijijini, ilhali ile nyembamba ya mashindano huagizwa mbali. Mkihamia mzunguko bila kutenganisha makundi hayo mawili, baada ya misimu michache mtabaki na waendeshaji wachache wenye uwezo wa kununua vipuri.

Muhangaji_Kigali:
Nakubaliana na fundi kuhusu makundi, ila naomba niongeze jambo. Septemba 2025 tulipokea hapa Kigali mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, na kwa kiasi kikubwa yalikimbiwa kwenye mzunguko wa takribani kilomita 15. Barabara zilifungwa na shule zilisimama wiki nzima, gharama ambayo klabu ya ridhaa haiwezi hata kuiota. Lakini wiki hiyo haikuwalea waendeshaji wetu. Waliolelewa hapa walilelewa na mbio za ndani za Rwanda Cycling Cup, pamoja na Tour du Rwanda, iliyoingia kwenye kalenda ya kimataifa mwaka 2009. Mbio moja kubwa kwa mwaka ni sherehe tu. Mwendeshaji anahitaji tarehe kadhaa anazozijua mapema ili ajipange kimazoezi.

Dada_wa_Kanyagio:
Mimi naunga mkono mzunguko, kwa sababu ambayo kaka zangu hawajaigusa. Katika mbio za kwenda na kurudi, wanawake hugeuzwa mapema na mara nyingi humaliza wakati macho yote yako kwa wanaume. Kwenye mzunguko tunapita mbele ya watu mara kumi, na wasichana waliosimama kando wanatuona. Hata hivyo, msidhani mzunguko ni salama wenyewe: kila njia ya panya huingiza bodaboda au mbuzi, na kila moja inahitaji mtu wa kusimama hapo mwanzo hadi mwisho. Watakaopendekeza tukimbilie barabara za vumbi, kama inavyofanyika Maasai Mara, wakumbuke pia kwamba mwaka 2022 Mkenya Sule Kangangi alipoteza maisha katika mbio za changarawe huko Vermont, Marekani. Kuikimbia lami si kuikimbia hatari.

Mratibu_Misungwi:
Nawashukuru nyote. Nitapendekeza mbio za Phoenix zibaki barabara kuu mara moja kwa mwaka, Jumapili, zikianza saa 12 asubuhi kabla magari hayajawa mengi. Baiskeli za gia, za wanawake na wanaume, ziwe na mzunguko mfupi mara nne kwa mwaka, tarehe zikitangazwa Januari. Kinachonitatiza sasa ni hesabu: kundi likishakatika vipande vitatu, tutajuaje nani amezidiwa mzunguko mzima?

FundiSpoki:
Namba zibandikwe ubavuni kwenye kiuno, si kifuani, kwa maana mwendeshaji akiinama haisomeki. Mezani wekeni watu wawili, mmoja asome namba kwa sauti na mwingine aandike bila kuinua kichwa. Anayepitwa na kiongozi aondolewe hapo hapo, na kanuni hiyo isomwe kabla ya filimbi, maana mkiisoma baadaye mtapigana.